Peugeot 404 pickup ya babu inaenda maonesho Arusha: huu mlango wa zamani niupige rangi au niuache?

Mjukuu_wa_Mtoni (Moshi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Kuna jambo linaninyima usingizi na najua humu wapo watu walioshika spana kabla mi sijazaliwa.

Babu alinunua Peugeot 404 pickup mwaka 1974. Ikabeba ndizi kutoka Marangu kuja soko la Mbuyuni hapa Moshi, ikabeba kahawa kupeleka chama cha msingi, ikabeba maharusi, ikabeba na majeneza, kazi zote za kijijini unazozijua wewe. Mwaka 1996 ikafia kihambani, shambani kwa nyumbani, chini ya mparachichi, kuku wakahamia humo, ikakaa hapo mpaka mi nilipoenda kuivuta na trekta miaka minne iliyopita. Nisiwachoshe na habari za hiyo miaka minne. Kifupi sasa hivi inawaka na inatembea, injini ni ile ile ya cc 1618, tumechomoa silivu zote nne (zile bomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka) tukaweka mpya, kabureta la Solex limeoshwa limetulia, gia bado iko kwenye stelingi kama alivyoiacha mzee. Raba za vioo nilizikosa Moshi nzima nikaja kuzipata Nairobi, Kirinyaga Road, baada ya kuzunguka siku mbili nikiwa nimeshika kipande cha raba ya zamani mkononi kama mwendawazimu.

Sasa mwezi ujao kuna maonesho ya magari ya zamani huko Arusha, pale Njiro, nimeshalipia nafasi ya gari, na hapo ndo shida ilipo. Fundi rangi wakati anapiga msasa mlango wa kushoto, chini ya ile rangi ya bluu ambayo baba mdogo alikuja kuipaka miaka ya 80, yakaanza kutokea maandishi. Jina la babu, S.L.P., Marangu, na chini yake uzito wa gari, vyote vimeandikwa kwa brashi, rangi nyekundu, herufi zina kivuli cheusi pembeni kama mabasi ya zamani. Nikamwambia simama hapo hapo usiguse tena. Bahati mbaya mlango wa kulia alishaumaliza kitambo, ulishakunywa pati na praima, kama nako kulikuwa na maandishi basi yalishaondoka na vumbi la msasa.

Kwaiyo gari nzima ni nyeupe ya maziwa inang'aa halafu mlango mmoja umechubuka, una bluu huku na nyeupe ya zamani kule, maandishi nusu unasoma nusu unabuni. Mke wangu anasema gari inaonekana kama imeokota mlango njiani. Fundi anasema kazi ikitoka gerejini kwake hivyo watu watasema ndo uwezo wake ulipoishia. Mama yeye alivyouona aliufuta na ncha ya khanga afu akaingia ndani, sijui hata anamaanisha nini.

Niupige rangi au niuache? Na la pili, niiendeshe mpaka Arusha au niipakie kwenye Fuso? Ni kama kilomita 80 tu ila toka ifufuke haijawahi kuvuka Boma Ng'ombe.

chalii_wa_Sakina

Piga rangi mkuu acha mambo mengi. Maonesho ni maonesho, we ukialikwa harusi unavaa suti afu mguu mmoja kandambili? Picha ya maandishi piga na simu, chapisha kubwa, weka kwenye fremu sebuleni, babu ataheshimika na gari itapendeza. Na ukishamaliza hapo tafuta rimu pana, shusha mbele kidogo, weka taa za kisasa, utaona watoto wa mjini watakavyoizunguka. Mi nishaona Hilux ya zamani imefanywa hivyo hapa Arusha, mwenyewe alikuwa hapati nafasi ya kupumua kwa watu wa kupiga picha.

fundi_kabureta (Unga Limited)

Huyo chalii msameheni.

Mleta mada, suala la mlango usilijibu kwa macho, lijibu kwa kidole. Fungua upholsta ya ndani ya mlango, chukua tochi, angalia chini kabisa. 404 na magari mengi ya umri huo yana matundu madogo chini ya mlango ya kutolea maji, yakiziba na udongo maji yanakaa, kutu inakula kuanzia ndani na nje unaona rangi nzima kabisa. Kama bati limeshakuwa biskuti basi maandishi au si maandishi itabidi ulikate. Kama ni zima, safisha, zibua matundu, piga dawa ya kutu kwa ndani, na nje usiguse na msasa tena.

Ukitaka kuyalinda hayo maandishi unaweza kupiga klia, ile vanishi ya gari isiyo na rangi, juu yake, ila SIKILIZA: hiyo rangi ya zamani ukiipiga klia ya kisasa nzito mkono mmoja inakunjamana kama ngozi ya maziwa, nimeona watu wakilia. Jaribu kwanza kwenye kona ya chini sehemu isiyo na herufi, subiri siku mbili. Ikikubali piga nyepesi nyepesi, acha ikauke, rudia. Na usiruhusu mtu yeyote apite hapo na kitambaa chenye thina "kusafisha kidogo", hata kama ni ndugu yako.

Safari: endesha. Gari iliyolala miaka 25 haitaaminika mpaka itembee. Ila kabla ya hapo nenda rudi Himo mara tatu na mzigo kidogo, maana pickup tupu breki zake zinadanganya. Raba za silinda za breki kama ni za zamani badilisha zote, usibakize hata moja kwa kubana matumizi. Tangi la mafuta lililokaa miaka yote hiyo lina kutu, beba fyulta mbili za akiba. Na kumbuka unapanda, Moshi iko mita 800 na kitu, Arusha iko 1,400 hivi, hewa inakuwa nyepesi, injini ya kabureta itakuwa inakunywa mafuta mengi kidogo kuliko inavyotakiwa, usishangae ikiwa nzito kuanzia Usa River, usianze kuifungua fungua barabarani.

Mama_109 (Njiro)

Hongera sana mdogo wangu, kazi kubwa umefanya. Mi nimeshapeleka Land Rover yangu 109 kwenye maonesho mara tatu, pia nilikuwepo Oktoba 2024 zile Land Rover zilipojaa Arusha hii, kwaiyo nikwambie kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Gari inayong'aa watu wanaipiga picha wanaondoka. Gari yenye kitu cha kusoma wanasimama. Mara ya kwanza nilipeleka yangu imepigwa polishi mpaka nilikuwa najichanua nywele kwenye bampa, watu dakika moja wakaenda. Mara ya pili niliacha lile bonde la ubavuni ambapo nyati alimpiga mume wangu akiwa kazini, nikaandika karatasi ndogo "hapa ni nyati", nilikaa siku nzima naeleza mpaka sauti ikakauka.

Uache mlango. Ila usiuache kama mtu aliyeishiwa hela, uache kama mtu aliyeamua. Maana yake pale rangi mpya inapokutana na ya zamani mkato uwe safi, kioo kiwe safi, kitasa king'ae, raba mpya. Mtu akiangalia ajue hii ni makusudi.

Mengine ya haraka haraka: usioshe injini kwa maji ya presha siku moja kabla, maji yakiingia kwenye distribyuta utashinda unasukuma. Fika mapema, Julai hapa kuna baridi na ukungu asubuhi ila ukichelewa unapangiwa nafasi nyuma kwenye majani. Beba kitambaa, kigoda na uvumilivu, watoto WATAPANDA bodi, pickup haikwepeki, mi naona bora uweke kigoda wapande kwa utaratibu kuliko wakanyage rangi. Picha ya gari ikiwa chini ya mparachichi na kuku ndani usiisahau. Na nyuma weka gunia la kahawa na mkungu mmoja wa ndizi, watu wajue ilikuwa inafanya nini.

chalii_wa_Sakina

Sasa mnataka gari au genge 😂

Ila sawa, nimekubali kwenye mlango. Basi aweke bango kubwa mbele: BINGWA WA SAFARI RALLY, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Maana 404 si ilishinda kule zamani, hapo hata Mzungu anasimama.

Mzee_wa_Boma

Mjukuu, marahaba. Nimesoma yote nikatabasamu peke yangu hapa barazani.

Mimi nimeendesha 404 pickup ya tajiri mmoja wa hapo Moshi kuanzia 1976 mpaka 1983, haikuwa ya babu yako lakini ni ndugu. Hayo maandishi ya mlangoni magari ya mizigo ndivyo yalivyokuwa, jina la mwenye gari, sanduku la posta na uzito, askari akikusimamisha anasoma mlango kabla hajakusalimia. Kuna mafundi wa maandishi walikuwa wanajulikana kwa mkono wao, ukiona herufi tu unajua ni nani kaandika. Na miaka ile ya shida ya mafuta, Jumapili ikishafika saa nane mchana gari ya mtu binafsi hairuhusiwi barabarani, kwahiyo harusi nyingi mlikuwa mnaona zinakwenda mbio mbio, bwana harusi anaangalia saa kuliko anavyomwangalia bibi harusi.

Kuhusu Safari Rally huyu kijana yuko sawa, 404 ilishinda mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1963 na ile ya 1968, kila moja zilimaliza gari 7 tu, matope yalikuwa si ya mchezo. Na ya 1966 na 1967 aliyeshinda ni Bert Shankland, alikuwa anaishi hapa hapa Tanzania, sisi vijana tulikuwa tunamwona kama wa kwetu.

Sasa nikuambie la maana. Feni ya 404 haizungumzi na injini muda wote. Ina sumaku ya umeme, maji yakipata moto ile swichi ya joto inaruhusu umeme, sumaku inashika, feni inazunguka, yakipoa inaachia. Wafaransa walikuwa na akili, inaokoa mafuta na nguvu. Lakini swichi ikifa hutasikia kitu, gari itakwenda kimya kimya huku inachemka. Chukua waya mrefu mita moja na nusu, weka kwenye droo ya dashibodi. Mshale ukipanda, simama, funua boneti, peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye feni, uiruke ile swichi. Feni itazunguka muda wote lakini utafika nyumbani. Mimi waya huo nilitembea nao miaka saba.

Mama_109 (Njiro)

Shikamoo mzee, asante kwa elimu.

Ila bango la Safari Rally mi nakataa. Zile zilizoshinda zilikuwa saloon, hii ni pickup ya ndizi. Atakuja mjuaji mmoja akuulize maswali mawili utaona aibu mbele ya watu. Andika ilichofanya yenyewe, inatosha kabisa.

fundi_kabureta (Unga Limited)

Mzee kaongea. Na hiyo feni angalia pia kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku, ikiisha hata huo waya hautasaidia. Dakika kumi tu kuikagua.

Mjukuu_wa_Mtoni (Moshi)

Nawashukuru mno. Mlango nimeufungua, bati zima, matundu yalikuwa yamezibwa na manyoya ya kuku na udongo, nimetoa nusu ndoo. Kona ya chini klia imekubali. Fundi bado amenuna ila nimemwambia nitaandika kwenye karatasi kwamba mlango ni uamuzi wa mwenye gari, akacheka kidogo. Mzee wa Boma, waya nimeshakata na kaboni ziko vizuri.

Swali la mwisho, plate ya zamani ninayo, ya babu, naweza kuifunga?

fundi_kabureta (Unga Limited)

Barabarani hapana, tembea na namba iliyosajiliwa sasa, usimpe trafiki kazi rahisi. Ukifika uwanjani iegemeze ndani ya kioo cha mbele, wanaojua wataiona.

Mjukuu_wa_Mtoni (Moshi)

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa wiki nzima.

Tuliondoka Moshi saa kumi na moja alfajiri, mi na mdogo wangu, gunia moja la kahawa na mikungu miwili (mmoja tulikula, nitaeleza). Boma Ng'ombe tumevuka safi, nikapiga honi kwa heshima ya mzee humu ingawa sijui nyumba yake. Njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, safi, gia inaingia kama siagi, nikaanza kuimba. Kufika Kikatiti mshale wa joto umeamka, nikadhani ni macho yangu, mdogo wangu naye kauona. Kusimama, kufunua boneti, feni imetulia kimya kama mgeni kanisani, yaani mzee wa Boma kama vile alikuwa amekaa siti ya nyuma. Mikono inatetemeka ila waya ulikuwa kwenye droo, nikaufunga, taaaa feni ikadaka. Tukakaa nusu saa ipoe, hapo ndo mkungu mmoja wa ndizi ulipoanza kupungua maana ulikuwa na ndizi mbivu na njaa ilikuwa kali, na watoto wa shule waliopita nao wakapata.

Tengeru trafiki akanisimamisha. Nikajua leo naliwa. Akazunguka gari mara mbili, akaangalia taa, akachungulia ndani akauliza gia iko wapi. Nikamwonyesha kwenye stelingi. Akaniambia hebu weka gia ya kwanza nione, ya pili, ya tatu, ya nne, rivasi, akamwita na mwenzake, tukarudia tena. Akasema nenda.

Kwa kuchelewa huko tukapangiwa nyuma kwenye majani kama Mama 109 alivyosema. Tuzo ya pickup haikuja kwetu, ilichukuliwa na Land Cruiser moja hivi imetengenezwa mpaka nati zake zinang'aa, na ilistahili kabisa, jamaa kafanya kazi. Sisi tulipata watoto, tulipata vumbi, tulipata na mama mmoja aliyetaka kununua gunia la kahawa, nikamwambia ni la maonesho akaona kama namdanganya.

Ila sasa kwenye saa tisa alasiri akaja mzee na fimbo, kaletwa na mwanae. Hakuangalia injini wala nini, akaenda moja kwa moja mlangoni akasoma kwa sauti, zile herufi zilizofutika akazisoma vile vile kama hazijafutika. Akaniuliza we ni mtoto wa nani, nikamtajia. Akasema mimi nilikuwa utingo wa hii gari, nilianza nina miaka 15. Afu bila hata kunipa mkono akaenda nyuma akagonga gonga sakafu ya bodi na fimbo kona ya kulia, akasema mbona mmeficha kiraka changu?

Mi sijui kiraka chochote. Zile mbao za sakafu aliziweka babu mwenyewe, mi nilizipiga vanishi tu sikuzifungua, na kwa chini kulishapakwa lami miaka hiyo huwezi kuona kitu. Akaeleza kwamba walikuwa wamebeba mashine ya kumenyea kahawa, mteremko wa Kilema kamba ikakatika, na aliyefunga kamba ni yeye, mashine ikalala ubavu ikatoboa bati. Babu hakumpiga wala hakumkata mshahara, alimpa bati la pipa la oili na nyundo akamwambia ziba mwenyewe, leo hulali mpaka uzibe. Anasema alipiga ribiti tisa kwa taa ya chemli. Nilimsihi akae kwenye kigoda tuongee zaidi, akakaa, akala ndizi mbili, akasema za Marangu zimekuwa ndogo siku hizi, akaondoka.

Jumamosi nimefungua mbao mbili za kona. Kiraka kipo. Ribiti ni saba, nimehesabu mara tatu na mdogo wangu kahesabu. Nimeamua hizo mbao mbili zitakuwa za kufungua na kufunga, nimeagiza bawaba. Namba ya simu ya mwanae ninayo, nataka nimpelekee mzee picha ila sijui kama nimwambie habari ya hizo ribiti mbili.

Mama_109 (Njiro)

Usimwambie!

chalii_wa_Sakina

Daah mkuu nimesoma mpaka mwisho. Sigusi tena habari ya mlango. Ila kwenye rimu bado tutaongea.

Mzee_wa_Boma

Mpelekee salamu zangu huyo utingo, huenda tumepishana naye mara nyingi barabara ya Himo. Na ule waya umeutoa, au feni bado inazunguka muda wote?

Mjukuu_wa_Mtoni (Moshi)

Bado upo mzee wangu. Jumatatu naenda kutafuta swichi.